Kamba ya starta ya chensoo imekatika? Kabla hujafunga mpya, tafuta kilichoikata

Fundi_Kiboriloni (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

Masika ikikaribia huku Moshi, kila mwenye kihamba (shamba la nyumbani) anataka migrevilea yake ipogolewe na mkaratusi ulioelemea paa uangushwe kabla mvua haijakolea. Ndicho kipindi ambacho meza yangu inajaa chensoo, na ugonjwa unaoongoza ni huu: kamba ya starta imekatika. Au ilikatika, ikafungwa nyingine, na hiyo nyingine nayo haikukaa. Mtu anafika amekasirika, anasema kamba za siku hizi zote ni feki.

Feki zipo, sikatai. Lakini kamba nyingi ninazozitoa zimekatwa na kitu, na kitu hicho bado kimo ndani ya mashine kinaisubiri kamba mpya. Ukifunga bila kukitafuta, kazi hiyohiyo utairudia, na safari hii huenda ukiwa msituni na gari la mbao linakusubiri. Kazi yenyewe si ya kuogopa. Mtu mwenye mkono mtulivu anaifanya nyumbani mezani bila fundi.

Tuelewane majina kwanza. Kava ya starta ni ile ya upande wa kushoto ukiwa umeishika chensoo kikazi, ina matundu ya kupitisha hewa. Ndani yake kuna puli inayozungushiwa kamba. Nyuma ya puli kuna springi bapa iliyojikunja kama ya saa ya ukutani, hiyo ndiyo inayorudisha kamba. Katikati kuna skrubu au klipu inayoizuia puli isitoke. Halafu kuna kucha, vidude vinavyong'ata ili puli ikizunguka na injini izunguke. Kwenye Stihl nyingi kucha ziko kwenye puli yenyewe. Kwenye Husqvarna na nyingi za Kichina ziko kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la injini lililo nyuma ya kava hii.

Sasa, usiitupe kamba iliyokatika. Itoe uiangalie kwenye mwanga, maana yenyewe inasema.

Ukikuta nyuzi zimetoka manyoya sehemu ndefu kabla ya pale ilipokatikia, mhalifu ni tundu la kutokea kamba. Ingiza ncha ya kidole kidogo kwenye tundu hilo ukizungushe taratibu. Tundu zima ni laini pande zote. Lililolika utahisi mfereji upande mmoja, na ukingo wa mfereji huo una makali. Huo mfereji hauchongwi na kiwanda, unachongwa na mvutaji anayeilaza kamba pembeni badala ya kuivuta ikifuata ulekeo wa tundu. Kila akivuta, kamba inasaga tundu na tundu linasaga kamba. Mashine nyingi zina bushi pale, yaani kipete kinachokinga tundu, inang'oka na kuwekwa nyingine. Kama imeliwa, ibadilishe siku hiyohiyo.

Ikiwa imekatika ndani kabisa, karibu na fundo la kwenye puli, mara nyingi anayeitumia anavuta mpaka mwisho wa kamba. Kamba ikiisha, nguvu yote ya mkono inaangukia fundo na springi. Ikiwa imekatika karibu na kishikio, angalia kama kuna mtu anayekiachia kijirudie chenyewe na kugonga kava kila akivuta. Kishikio kinatakiwa kurudishwa na mkono mpaka kikae mahali pake.

Na ukikuta ncha imeyeyuka na kuwa ngumu, hiyo ilikuwa manila. Ile kamba ya plastiki ya kufungia mizigo ni polipropilini, inayeyuka kwenye nyuzi joto 160 hivi, wakati nailoni inapita 200. Msuguano wa kwenye tundu unatosha kuimaliza manila. Kamba ya starta ni ya kusukwa, nailoni au poliesta. Unene wake: chensoo ndogo mm 3, za kati mm 3.5, kubwa kama Stihl 070 mm 4.5. Ukizidisha unene haitaenea kwenye puli, itabana. Ukiweka nyembamba itaingia kati ya puli na kava, itakwama humo na kukatika. Urefu upime kwa kuunganisha vipande vya zamani. Nyingi haziachani sana na mita moja.

Kufungua: zima swichi, chomoa kofia ya plagi. Piga brashi nje kwanza, maranda yasiingie ndani. Kava nyingi zina skrubu 4, Stihl ni za T27 (tundu la nyota), za Kichina nyingi ni funguo za eleni. Kava ikitoka, kamba iliyokatika haina mvuto tena kwa sababu springi imeshajirudi. Lakini kama kamba bado ni nzima na unaibadilisha kwa kuchakaa tu, toa mvuto kwanza: vuta kamba kama sentimita 30, ishikilie puli, inase kamba kwenye pengo la ukingoni mwa puli, kisha iache puli irudi nyuma polepole chini ya kidole gumba mpaka itulie.

Baada ya hapo toa skrubu au klipu ya katikati. Vaa miwani. Hili nalisema kwa uzito wote: ile springi ni chuma chembamba chenye ukingo mkali, na ikiruka inaelekea usoni kwa sababu ndiko ulikoinamia. Inua puli taratibu huku unaichezesha kushoto na kulia ili ndoano ya springi iachie na springi ibaki kwenye kiota chake. Ukiona inataka kuifuata puli, irudishe chini kwa bisibisi bapa.

Ukiwa umefungua, tazama vizuri kava. Ile si ya starta tu. Mapezi ya flaiwili yanavuta hewa kupitia matundu yale ili kuipoza silinda. Vumbi letu la huku, hasa la barabara za juu na za upande wa Ngaramtoni, ni jepesi kama unga, likichanganyika na maranda mabichi na oili linaganda na kuziba. Safisha kava, safisha mapezi ya flaiwili, safisha na ya silinda unayoyaona. Mashine inayokosa hewa inachemka, na gharama ya pistoni haifanani na ya kamba.

Kamba mpya: choma ncha zote mbili kwa kiberiti cha gesi, zisokote zikiwa za moto kwa kitambaa, usitumie vidole vitupu. Pitisha kwenye kishikio, funga fundo la umbo la 8, kisha ingiza kwenye tundu la kava kutoka nje, halafu kwenye tundu la puli, funga fundo la ndani. Hakikisha fundo la ndani limezama kwenye shimo lake. Likitokeza linakwaruza kava na kujikata lenyewe. Dondoshea tone la oili nyepesi kwenye ekseli ya puli na matone machache kwenye springi. Usipake grisi nyingi, inakusanya vumbi. Rudisha puli, izungushe kidogo ukiikandamiza mpaka usikie springi imeshika ndoano, ndipo ufunge skrubu au klipu.

Kuvuta springi ndiyo sehemu inayoharibiwa kuliko zote. Kamba ikiwa imeshazungushwa kwenye puli, inase kwenye pengo la ukingoni na uizungushe puli upande uleule inaoelekea ukivuta kamba, mizunguko 2 hivi. Achia polepole. Kisha fanya vipimo viwili. Cha kwanza, kishikio kikae kimebana kwenye kava, kisiinamie pembeni. Cha pili, ambacho wengi hawakifanyi: vuta kamba yote mpaka mwisho, ishikilie, halafu jaribu kuizungusha puli kwa kidole iendelee mbele. Lazima ikubali walau nusu mzunguko zaidi. Ikikataa, springi imejaa kupita kiasi, na siku yoyote utakayovuta mpaka mwisho itakatika. Punguza mzunguko mmoja, pima tena.

Kurudisha kava: vuta kamba kidogo, iweke kava mahali pake, achia kamba polepole ili puli na kucha zikutane, ndipo ukaze skrubu. Ukikaza kwa nguvu wakati kucha hazijakaa, unavunja kikombe cha puli, pale kucha zinapong'ata.

Karibuni kwa maswali, nitajibu kadiri ninavyojua.


ChaliiWaNgarenaro

Mkuu umesomeka sana. Mimi nipo Arusha hapa Ngarenaro, nina 5800 ya Kichina. Nimefungua kabla sijaona uzi wako, springi imetoka yote ipo mezani imejinyoosha. Haijakatika. Inarudishika au ndiyo nikatafute nyingine?


Fundi_Kiboriloni

Chalii, inarudishika. Kwanza ikague kwa kuipitisha kwenye mwanga, hasa mapindo ya ncha zote mbili. Springi hizi zinakatikia kwenye pindo. Ukiona mstari mweusi mwembamba unaokatiza pindo, huo ni ufa, tafuta nyingine.

Ikiwa nzima, vaa glovu ngumu na miwani. Safisha kiota. Anza na pindo la nje, linase kwenye pengo lake pembeni mwa kiota, kisha endelea kuizungusha kuelekea katikati, duara ndani ya duara, ukikandamiza kwa gumba la mkono wa pili kila unapopita. Usianzie katikati, haitakaa. Upande wa kuzungusha, angalia puli: kamba ikivutwa, puli inatakiwa iikaze springi. Ikiwa umeiweka kinyume, ukizungusha puli utahisi inalegea au ndoano inateleza tu. Ukimaliza, pindo la ndani libaki limesimama katikati pale ndoano ya puli itakapolikuta.

Ukinunua mpya, nyingi zinakuja zimeshakunjwa ndani ya kikasha au zimefungwa kwa waya. Usiutoe ule waya kwa haraka. Iweke springi kwenye kiota kwanza, ikandamize, waya utatoka wenyewe springi inapoingia.


Mchana_Mbao_Siha

Nimechana mbao miaka mingi huku West Kilimanjaro na 070. Mleta uzi unasema mizunguko 2, lakini kitabu cha Stihl kinasema 6, na mimi siku zote nimeweka 6 na starta inadumu. Usije ukawapoteza vijana.


Fundi_Kiboriloni

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru umelileta, maana hapa ndipo springi nyingi zinapofia.

Unachosema ni kweli na nilichosema ni kweli, tofauti ni kamba inakuwa wapi wakati unazungusha. Kwenye vitabu vya Stihl, kamba inakuwa bado iko nje, haijazungushwa kwenye puli. Unafanya kitanzi kwenye hiyo kamba iliyo nje na kukitumia kuizungusha puli mara 6, halafu unaishikilia puli, unanyoosha kamba iliyojisokota, ndipo unaiachia iingie. Sehemu ya ule mvuto wa mizunguko 6 inatumika kuiingiza kamba ndani. Kwenye Husqvarna, kamba inazungushwa kwanza kwenye puli, halafu ndiyo unaongeza mizunguko 2 hivi. Mwisho wa safari springi zote zinabaki na mvuto unaotosha kushikilia kishikio.

Tatizo ni kijana anayesikia "sita" kwa mmoja na "zungusha kamba kwanza" kwa mwingine, akavichanganya. Anazungusha kamba yote kwenye puli, halafu anaongeza 6 juu yake. Siku ya kwanza inarudi kwa nguvu anafurahi. Akivuta mpaka mwisho, springi haina pa kwenda, pindo linakatika. Kwa hiyo yeyote anayetumia njia yoyote, amalizie na kile kipimo cha nusu mzunguko. Kipimo hicho kimo kwenye vitabu vya Stihl na vya Husqvarna, vyote viwili.


Mchana_Mbao_Siha

Marahaba. Hapo nimekuelewa, na ni kweli mimi huwa nafanya kamba ikiwa nje. Niongeze la kwangu: hizi mashine kubwa zinahitaji mtu afundishwe kuvuta. Injini ya cc zaidi ya 100 ikikurudishia mkono utalala nayo wiki nzima. Unavuta polepole kwanza mpaka usikie kucha zimeshika na pistoni imekukatalia, hapo ndipo unavuta kwa nguvu moja fupi. Vijana wanaanza kwa kishindo kamba ikiwa bado imelegea, kucha zinashtukizwa, kamba inashtuka. Nimeona kucha zimelika kabisa kwa namna hiyo.


MamaParachichi_Tengeru

Habari fundi, na wengine wote. Mimi nina shamba la parachichi huku Tengeru na chensoo ndogo ya kupogolea. Kamba yangu haijakatika, inavutika vizuri na inarudi vizuri, ila injini haigeuki kabisa. Inavutika nyepesi hivi hivi. Kijana wa shambani anasema injini imekufa. Je ni kweli?


Fundi_Kiboriloni

Habari nzuri dada. Usikubali injini izikwe bado. Kamba kuvutika nyepesi na kurudi vizuri maana yake springi na kamba ni wazima. Kilichokataa ni kucha.

Fungua kava. Kama kucha ziko kwenye flaiwili, zisukume kwa kidole moja moja. Kila moja inatakiwa irudi yenyewe ndani kwa nguvu ya kispringi chake chembamba. Mara nyingi utakuta maranda yaliyochanganyika na oili yamezigandisha, haziwezi kurudi ndani kuishika puli. Zisafishe kwa petroli kidogo na brashi ya meno, ziache zikauke, weka tone moja la oili nyepesi kwenye pini. Fanya hivyo mahali penye hewa, mbali na jiko. Kama kispringi kimekatika au ncha ya kucha imelika ikawa ya mviringo, nunua kucha na kispringi chake, si starta nzima.

Kama ni Stihl, kucha iko kwenye puli, na kuna waya mwembamba uliopinda unaoisukuma nje kamba ikivutwa. Waya huo ukikaa vibaya baada ya mtu kufungua, kucha haitoki. Angalia kama waya umeshika kile kipini cha kucha.

Angalia na ndani ya kikombe cha puli pale kucha zinapong'ata. Kwenye mashine za bei ndogo ni plastiki, na ikishalika huna la kufanya ila kubadilisha puli.


Kijana_wa_Sakina

Mkuu, somo zuri. Mimi mashine yangu ni ya kati, kamba nzuri ya nailoni, bushi nimebadilisha, springi nzima, nusu mzunguko inakubali. Lakini nikivuta, inapiga mkono nyuma, kishikio kinaponyoka, na kamba zinaisha haraka. Siku nyingine inakuwa nzito kama imefungwa. Fundi mmoja ameniambia ni hali ya kawaida.


Fundi_Kiboriloni

Si kawaida. Hapo kinachokata kamba ni injini yenyewe, na ni vizuri umeandika dalili zote mbili.

Anza hivi. Chomoa plagi kabisa, zima swichi, elekeza tundu la plagi mbali na uso na mbali na moto wowote, kisha vuta kamba taratibu. Ikiwa nyepesi na petroli inaruka kutoka kwenye tundu, ilikuwa imejaa mafuta. Injini iliyojaa petroli haigandamizi kirahisi, ndiyo maana ile siku ilikuwa nzito. Vuta mpaka ikauke, futa plagi, kisha uangalie kabureta kama sindano yake inavujisha.

Ikiwa bado nzito bila plagi, na starta peke yake mezani inavutika vizuri, basi kuna kitu kimebana ndani. Fungua ekzosi uchungulie pistoni kupitia tundu la kutolea moshi. Pembeni mwa pistoni pawe laini. Ukiona mistari ya wima iliyochanika, imekwaruzwa, na sababu kubwa ni mchanganyiko usio na oili ya kutosha au oili isiyo yake. Lita 5 za petroli kwa mililita 100 za oili nzuri ya tu-stroki ndiyo 1:50. Stihl wenyewe wanasema kama oili si ya kwao, tumia 1:25, yaani mililita 200 kwa lita 5. Oili ya injini ya gari haimo kwenye hesabu hii kabisa.

Kuhusu kupiga mkono, chunguza flaiwili. Inashikwa kwenye ekseli kwa ufunguo mdogo, na kwenye mashine nyingine ufunguo huo ni sehemu ya flaiwili yenyewe. Nati ikilegea au ufunguo ukikatika, flaiwili inahama kidogo na cheche inapiga kabla ya wakati wake. Pistoni inapanda, mlipuko unairudisha chini, na wewe ndiye umeshika kamba. Kazi hii inataka kivutio cha flaiwili. Usigonge ekseli kwa nyundo, utaumiza beringi. Kama huna kifaa, hili moja mpelekee fundi.

Mashine yako ikiwa na kitufe cha kupunguza mgandamizo, karibu na silinda, kibonyeze kabla ya kila mvuto wakati wa kuwasha. Watu wanakaa na kitufe hicho miaka bila kukigusa.


Olmotonyi_Juu

Naomba niseme la usalama, maana naona tunazungumza kamba tu. Huku kwetu juu ya Ngaramtoni naona vijana wanawasha chensoo ikiwa inaning'inia, mkono mmoja unasukuma mashine chini, mwingine unavuta kamba juu. Mnyororo unapita karibu na goti. Naumia kila nikiona.

Weka mashine chini mahali tambarare, breki ya mnyororo ikiwa imefungwa, ncha isiguse kitu. Mguu wa kulia uingie kwenye mpini wa nyuma, mkono wa kushoto ushike mpini wa mbele ukiwa umenyooka, mkono wa kulia uvute. Mashine ikishikiliwa hivyo haiyumbi, na kamba inatoka moja kwa moja.


Fundi_Kiboriloni

Asante sana mkuu, na hilo linaingia hasa kwenye mada. Mashine inayoning'inia inayumba kila ukivuta, kamba inatoka imelala pembeni. Ule mfereji kwenye tundu nilioueleza juu, wengi wameuchonga kwa kuwasha hivyo. Anayeweka mashine chini analinda mguu wake na anailinda bushi.

Kwa vijana wanaotaka kuijua kazi hii kwa kina, mkoa huu na wa jirani tumebahatika. Moshi kuna Chuo cha Viwanda vya Misitu, FITI, na Olmotonyi kuna Chuo cha Misitu. Ulizieni kozi zao.


ChaliiWaNgarenaro

Mkuu springi imeingia, ilinisumbua ila imeingia. Puli inazunguka. Swali la mwisho: puli yangu ina ufa mdogo pale kamba inapotokea. Muuza vipuri ananishauri nichukue starta nzima, anasema puli peke yake haiuzwi. Nikizibe kwa gundi ya moto?


Fundi_Kiboriloni

Hongera kwa springi chalii. Gundi hapana. Pale kwenye tundu la fundo ndipo nguvu yote ya mvuto inapoishia, ufa utaendelea na siku utakapoachia kipande kitaingia kwenye mapezi ya flaiwili.

Puli za hizo 5800 zinauzwa peke yake, zunguka maduka mengine kabla ya kukubali. Nenda na puli yako mkononi, usiende na jina la mashine tu, kwa sababu mashine zenye namba ileile zinatoka viwanda tofauti. Linganisha vitu vitatu: kipenyo cha puli, tundu la katikati, na kikombe au meno ya kucha. Geuza na nyuma uone ndoano ya springi iko upande uleule. Zikilingana zote, chukua.

Starta nzima inunuliwe pale kava yenyewe imepasuka kwenye masikio ya skrubu, au kiota cha springi kimelika mpaka pindo la nje halishiki tena. Hata hapo, linganisha matundu ya skrubu na ya zamani ukiwa dukani, na kabla hujaondoka vuta kamba yake mpaka mwisho uifanyie kipimo cha nusu mzunguko. Mpya zisizopita nimezikuta, na dukani ndiko mahali rahisi pa kuirudisha.